Choo Changu na Kisima cha Awale

Kisima hakina mipaka, mtu asinidanganye. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Maalim Twalibu siku aliposimama juu ya shimo langu la choo pale Majengo, Nyongesa mchimbaji akiwa ndani hadi kifuani. Mwaka wenyewe ulikuwa tisini na tatu, mifereji imekauka, na bwana afya amenipa hadi mwisho wa mwezi: bila choo, hoteli inafungwa. Na muthokoi wa hoteli hiyo, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ndio uliokuwa ukiwasomesha watoto wangu.

"Mama Ndunge, kisima cha Mzee Awale kilitangulia," akasema Maalim kwa upole. "Katika sheria yetu kina harimu, eneo lake lenyewe. Humo hakichimbwi kitu cha kukidhuru. Wa kale walitaja dhiraa arobaini."

Mimi ni mtu wa kanisa, lakini udadisi ndio ugonjwa wangu. Dhiraa ni nini? Kiwiko hadi ncha ya kidole, akanijibu. Kiwiko cha nani? Nikapima toka shimoni hadi kisimani kwa mkono wangu mfupi, nikapata arobaini na ushei. Awale, Msomali mrefu ajabu, akapima kwa wake akaishia thelathini na kitu. Tukabishana hadi Nyongesa akaacha kuchimba, akakaa kutucheka.

Maalim akasema mkono ni mwanzo tu. Wanazuoni wengine walitazama udongo: uchafu ukipenya, hata dhiraa mia hazitoshi. Kipimo ni rangi, harufu na ladha ya maji.

"Na utajuaje kama unapenya?" nikauliza. Hapo hasira ilikuwa imeniisha, nilitaka tu kujua.

Tukakubaliana: chumvi ikifika kisimani, shimo linafukiwa. Nikamwaga shimoni madebe ya maji ya chumvi, tukangoja wiki nzima. Kila asubuhi nilikwenda kukichungulia kile kisima, utadhani ni changu.

Siku ya kuonja, Maalim akanywa. "Sioni kitu." Awale akanywa, akanywa tena. "Ni yale yale," akasema, na mzee huyo hakuwa na sababu ya kunipendelea. Nyongesa akashika sururu yake.

Nikapewa kikombe. Miaka yote nimeonja sufuria kabla ya wateja kuketi; ulimi wangu naujua. Chumvi ilikuwapo, kidogo sana, nyuma kabisa ya ulimi. Niliitazama hoteli yangu nikatamani ningezaliwa na ulimi wa Awale.

"Yana chumvi," nikasema. "Fukia, Nyongesa."