Manyigu wa Mnofu

Nyigu akiwinda nyuki hana papara. Husimama hewani mbele ya mlango wa mzinga, miguu ikining'inia, kama askari wa zamu anayejua kwamba utapita tu, upende usipende. Nyuki anarudi kutoka kwenye maua amechoka, mzigo umemlemea. Kabla hajagusa kizingiti, kashadakwa. Nyigu anajining'iniza kwenye tawi kwa mguu mmoja na kuanza kumchambua: kichwa chini, mabawa chini, tumbo chini. Kinachopelekwa nyumbani ni kifua peke yake, maana ndipo penye nyama.

"Sawasawa na shemeji yangu," Sindano alikuwa akisema. "Mnofu wake, makapi yenu."

Shemeji mwenyewe alikuwa muuza nyama, na mtaa mzima ulimwita Mnofu, kwa sababu ukimwomba kilo ya mnofu anakuapia kwa Mungu kuwa ndio huo, huku mifupa inagongana ndani ya mfuko. Bucha lake lilitazama barabara na kuupa mgongo uwanja wa ukoo. Upande wa pili wa uwanja huohuo kilikuwapo chumba cha cherehani cha Sindano, mjane wa kaka yake, fundi wa nguo za kike, ambaye jina lake lilitokana na ulimi kuliko kazi. Katikati yao aliishi mama mkwe, aliyekula mchana kwa huyu na jioni kwa yule, na kwa hiyo hakuwa na haraka ya kuona ugomvi wao ukiisha.

Nyuma ya uwanja ilikaa mizinga mitano. Miwili aliiacha marehemu. Mitatu Sindano aliijaza mwenyewe, kundi kwa kundi, na kila kundi lilimwachia alama usoni. Mnofu alikuwa amekimezea mate kipande kile cha ardhi siku nyingi, akitaka zizi la mbuzi wa kuchinja. Kesi ikafika kwa mama mkwe, naye akaikata huku anachokonoa meno.

"Mizinga ikiwa na nyuki, pale ni pa Sindano. Siku ikiwa mitupu yote, pale ni pa Mnofu. Sasa niacheni nilale."

Hukumu ilitoka miti ikianza kuchanua. Kabla maua hayajaanguka, manyigu wakaja.

Mwanzoni Sindano alipigana nao kwa raketi. Aliweka kigoda mbele ya mizinga na kuwachapa mmoja mmoja, kanga ikimdondoka, wateja wakimsubiri barazani. Mwalimu mmoja aliyefuata sketi yake alimkuta akirukaruka peke yake.

"Fundi, unacheza na nani?"

"Na ukoo wa mume wangu. Kaa, sketi yako bado pindo."

Aliua arobaini kwa siku, wakaja sitini. Nyuki wa mzinga wa kwanza walijifungia ndani kwa hofu, wakaacha kwenda kutafuta chakula, wakafa njaa wakiwa na maua mita kumi kutoka mlangoni. Sindano alipofunua kifuniko alipokewa na ukimya na harufu ya sega kavu.

"Shemeji!" Mnofu aliita kutoka mlango wa nyuma wa bucha, kisu mkononi. "Imebaki minne, au nahesabu vibaya?"

Kosa alilofanya Sindano baada ya hapo lilikuwa kosa la fundi, na asiye fundi asingeliweza. Aliokota nyuki mfu chini ya mzinga, akamlaza juu ya meza ya kukatia, akambana kwa pini na kumpima kwa utepe: upana wa kifua, kimo cha mgongo. Kisha akakata wavu wa waya na kuutanua kwa koleo mpaka kila tundu likapata kipimo kilekile. Nyuki apite, nyigu abaki nje. Yeye alisifika mtaani kwa nguo zinazokaa mwilini kama ngozi, na matundu yale hayakuwa na unywele wa ziada. Asubuhi akaufunga wavu kwenye milango yote minne, akarudi kwenye gauni la bibi harusi akipiga mluzi.

Alipotoka jioni kunyoosha mgongo, mluzi ulimfia mdomoni.

Nyuki aliyempima alikuwa na miguu mitupu. Nyuki anayerudi nyumbani hubeba chavua miguuni, tonge kila upande, kama mtu mwenye ndoo mbili. Sindano alikuwa amempima mteja kabla hajala. Walikwama kwenye waya, wakaacha mizigo kizingitini, na nyuma yao foleni ikarefuka mchana kutwa. Manyigu hawakuhitaji tena kuwinda. Walikuwa wanachagua, huyu, hapana, yule, kama watu mbele ya kioo cha bucha. Mizinga mitatu ilibakiwa na nyuki wachache wasioweza hata kulinda mlango, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa masanduku matupu. Ukabaki mmoja, ule wa pembeni kabisa.

Sindano alizing'oa nyavu zote. Ule wa mzinga uliobaki akautanua upya, safari hii akiacha nafasi ya mshono. Nyigu asingeingia ndani, lakini kuvizia nje hakuna aliyemkataza.

Kesho yake alimkuta Mnofu nyuma ya uwanja na kamba na vigingi, anapima zizi.

"Toka kwenye eneo langu."

"Lako mpaka lini? Jumatano? Alhamisi?"

"Humo ndani mna nyuki, shemeji."

Mnofu akainamisha sikio karibu na mzinga. "Kweli wamo. Nawasikia wanakohoa."

Sindano aling'oa kigingi cha kwanza na kumtupia miguuni. Hakumlenga, lakini pia hakukosa kwa mbali.

Kupiga wawindaji mmojammoja ni kudeki huku bomba linavuja. Ilibidi akijue kiota kilipo. Akaenda bucha kununua robo ya nyama ya kusaga.

"Leo nyama!" Mnofu akapaza sauti ili foleni nzima isikie. "Kumbe matanga yameisha!"

"Ni ya wageni."

"Wageni gani wanakutembelea wewe?"

"Wanaofanana na wewe. Pima, acha kuegemeza kidole kwenye mizani."

Aliibandika nyama kijitini, akakaa karibu na mzinga, na nyigu mmoja mlafi akatua. Nyigu akishaanza kukata nyama haoni wala hasikii. Sindano akamfunga kiunoni uzi mwekundu wenye kipande cha karatasi nyepesi nchani. Miaka ishirini ya kushona, hajawahi kupima kiuno chembamba hivyo, na mwenye nacho akiwa hana hata haya ya kukaza tumbo. Nyigu akapaa na tonge lake, uzi ukipepea nyuma, polepole, wa kufuatwa kwa miguu. Sindano akafuata kichwa juu. Akajigonga kwenye kamba ya nguo, akapita chini ya dirisha la mama mkwe, akafika ukuta wa bucha. Uzi ukaingia kwenye tundu chini ya paa, ukapotea darini.

"Hao?" mama mkwe akasema kutoka dirishani. "Wako hapo tangu maua. Kila asubuhi Mnofu anawawekea vipande vya maini juu ya kizingiti."

"Mama! Ulijua?"

"Hukuniuliza."

Sindano aliingia bucha bila salamu. Nyuma ya paja la ng'ombe lililoning'inia kwenye ndoano, manyigu wawili walikuwa wakitembea juu ya nyama kama wakaguzi. Mmoja alimdaka nzi na kuondoka naye.

"Umewafuga."

"Nimewaajiri," Mnofu akasema, akifuta shoka. "Angalia nyama yangu. Unaona nzi? Hawalewi, hawachelewi, hawaombi ruhusa ya msiba."

"Wanakula nyuki wangu, na wewe unajua."

"Kila mtu na mifugo yake. Wa kwako hawana bidii."

Sindano akameza alichotaka kusema, na hakikuwa kidogo. "Nisikilize. Nitakushonea chandarua cha kuzungushia nyama, kizuri, chenye zipu. Nzi hatagusa. Wewe niruhusu niue kiota."

"Nyama yangu si mtoto mchanga ilazwe kwenye chandarua."

"Basi nitaziba tundu lao."

Mnofu akacheka mpaka akaweka shoka chini. "Ziba! Ziba mpaka uchoke. Wale wana meno kama misumeno. Watatoboa, watoke, waje wakusalimie."

Jioni ile, jua likizama na manyigu wote wamerudi, Sindano alivaa vazi alilojishonea kwa mabaki ya bitana, tabaka nne, na kofia yenye wavu mpaka kifuani. Alionekana kama godoro lililoota miguu. Akapanda ngazi, akasokomeza sponji kwenye tundu, akalipaka saruji juu. Ndani ukuta ukanguruma. Mnofu alikuwa ameshafunga bucha na kukaa juu ya pikipiki yake kutazama.

"Ukianguka nitakupa mifupa ya supu bure!" akapiga kelele, akawasha, akaenda zake. Hakuligusa tundu. Aliwaamini wafanyakazi wake.

Na hakukosea, meno walikuwa nayo. Ila nyigu aliyefungiwa hutafuna kuelekea kwenye mwanga, na Mnofu alikuwa na desturi ya kuacha taa ya bucha inawaka usiku kucha. Saruji ilikuwa ngumu. Dari ilikuwa ya mbao laini.

Asubuhi Sindano alisikia mlango wa chuma ukipandishwa, kisha ukelele wa mtu anayewaita wazee wake wote waliokufa, kwa mpangilio wa umri. Alifurahi kwa muda wa pumzi tatu, asiseme mtu kwamba hakufurahi. Ya nne ilimkwama. Akajitumbukiza ndani ya vazi lake la bitana, akakimbia, na kupitia kofia ya wavu alimwona Mnofu sakafuni kati ya ndoano, mikono usoni, hawezi kuona mlango uliko. Hilo la dari hakulitarajia. Alidhani watafia humohumo. Akaingia na pazia zito la mteja, akamfunika, akamburuta kwa miguu mpaka barabarani.

"Umeniua," Mnofu alisema chini ya pazia.

"Bado. Nyamaza, wanafuata sauti."

Mwalimu yule wa sketi alimpeleka zahanati. Kufikia adhuhuri afisa wa afya alikuwa ameshapiga kufuli kwenye bucha, na mtu wa dawa za wadudu, kwa oda ya Mnofu mwenyewe, akapuliza darini na kutoa kiota kikubwa kama kikapu, kimya. Mbele ya mzinga wa pembeni hakukuwa na askari tena. Sindano alikaa kwenye kigoda bila raketi na kuwatazama nyuki wakitoka mmoja mmoja, kwa woga, kama watu baada ya mvua ya mawe.

Alikuwa bado ndani ya vazi lake Mnofu aliporudi. Uso ulikuwa umevimba hivi kwamba macho yalibaki mistari miwili, na mkononi alibeba dumu la petroli.

"Kaa pembeni," alisema kwa midomo isiyofungika vizuri.

"Unataka nini?"

"Wangu wamekufa wote. Na wako wafe. Mzinga mtupu, eneo langu. Mama alisema."

"Mama!" Sindano akaita bila kugeuka. "Ulisema hivyo?"

"Sikutaja moto," mama mkwe akajibu dirishani. "Na petroli hiyo ni ya jenereta yangu."

Mnofu akafungua kifuniko cha dumu. Harufu ikatangulia. Sindano hakumshika mkono wala hakupiga kelele. Akainama, akaung'oa wavu mlangoni mwa mzinga na kuutupa nyasini. Kisha akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Mwaga. Lakini ukimwaga, mimi nafunua. Nyuki elfu kadhaa, shemeji, na wameonewa mwezi mzima. Mimi nimevaa. Wewe umevaa nini?"

Mnofu alikuwa amevaa singlendi.

Nyuki mmoja, kwa sababu zake mwenyewe, akatoka, akazunguka sikio lake lililovimba na kubaki hapo akiliimbia. Mnofu hakupepesa macho, hayakuwa yanapepeseka. Dumu likainama mkononi. Akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, petroli ikimchuruzikia ndala.

"Sitasema na wewe tena mpaka naingia kaburini," alisema.

"Unaniahidi?"

Alitimiza. Wiki ile akamleta mwashi kujenga ukuta wa kukata uwanja katikati, asiuone uso wa Sindano wala mzinga wake. Nyuki walifika kwenye ukuta, wakapanda, wakapita juu, wakaenda kwenye maua kama kawaida, mizigo pande mbili. Ukuta ulipofika kimo cha mtu Sindano alitoka na utepe shingoni, akaupima kwa macho.

"Fundi," alimwambia mwashi, "niongezee kozi mbili za matofali. Upepo wa upande huo unawasumbua watu wangu."

Mwashi akageuka. "Bosi, huku wanasema niongeze. Niongeze?"

Mnofu, upande wa pili, uvimbe umeshuka nusu, akautazama ukuta wake. Akawatazama nyuki waliokuwa wakipaa juu yake. Akafungua mdomo, akakumbuka kwamba akijibu atakuwa amemjibu Sindano, akaufunga. Akaondoka.

Mwashi alisubiri kidogo, hakuona anayekataa, akachota udongo akaongeza.