Pepo wa Vioo Vinne

Kwa heshima na taadhima, ninautangazia umma kwamba gari la baba yangu limeingiwa na pepo. Umma wenyewe, kusema kweli, ulikuwa baba, mimi na kuku wa jirani aliyejibanza chini ya bampa.

Pepo alianza kazi Jumatatu asubuhi. Baba alifunga gari, akageuka, na vioo vyote vinne vikashuka taratibu. Akavipandisha. Safari hii alitembea kinyumenyume hadi mlangoni, akilikazia gari macho. Vikashuka tena. Kesho yake alipaswa kunirudisha shule ya bweni, mwendo wa saa saba, nayo mvua haikuwa na simile.

Mama alikuwa anarudi Alhamisi. Anauguza wagonjwa nchi ya mbali. Mwaka na miezi minne nilikuwa namwona kwenye simu tu, akiganda mdomo wazi kila mtandao ulipokatika. Angekaa siku sita, kisha aondoke tena. Nilikuwa nimemwomba baba niripoti shuleni Ijumaa. Akasema shule haimsubiri mtu. Naye huyohuyo alikuwa akijipima uzito kila asubuhi ili mama asimkute na kitambi, mpaka Jumapili mzani wa bafuni ulipozimika, akanuna kutwa nzima.

Basi akaitwa fundi umeme wa magari, bwana mmoja asiyependa maneno, mwenye bisibisi nyuma ya sikio. Alibandua mlango, akakagua fyuzi moja moja, akachungulia swichi. Mimi nilimshikia tochi kwa utiifu wa kupigiwa mfano, nikimshauri kwamba huenda ni unyevu, au panya ametafuna waya. Alinisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Jumanne ikapita hivyo.

Jumatano alirudi, asione kasoro yoyote. Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye, kwa sababu wakati huo nilikuwa msalani, ambako tumbo langu lilinipeleka kila gari lilipofungwa. Fundi alimuuliza baba kama vioo hushuka injini ikiwaka. Baba akasema hapana, hushuka akishafunga gari na kuondoka. Je, kuna kitu gari hufanya kwanza? Baba akafikiri, akasema hukonyeza taa mara mbili.

"Mzee, kioo kibovu hakikonyezi," fundi akasema. "Gari likikonyeza, limeamriwa."

Akamweleza kwamba ukiibana rimoti kwenye kitufe cha kufungulia bila kuachia, vioo hushuka vyote. Halafu akaitoa betri ya rimoti ya baba, akaiweka juu ya boneti, akamwambia afunge gari kwa ufunguo na aondoke kwa kishindo.

Nikasikia kishindo. Nikabana.

Taa zikakonyeza mara mbili, vioo vikashuka, na hakuna aliyelitazama gari. Wote wawili walikuwa wanatazama kidirisha cha msalani.

"Toka, mwanangu," baba akasema.

Nikatoka. Fundi akakinga kiganja, nami nikaweka humo rimoti ya mama, iliyoning'inizwa kiatu kidogo cha uzi alichokifuma mwenyewe. Baba akaichukua, akakipapasa kile kiatu.

"Hii ilikuwa kwenye droo yake."

"Ndiyo, baba. Chini ya kitambaa chake cha kichwa. Bado kinanukia yeye."

"Najua," akasema.

Fundi akajitia anatafuta bisibisi, ilhali ilikuwa sikioni. Baadaye akauliza kama aandike kwamba gari limepona.

Baba akatikisa kichwa. "Liangalie mpaka Ijumaa."

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Baba akaigeuza rimoti mkononi, akauliza imewezaje kufanya kazi baada ya kulala miezi yote hiyo.

Nikasimama wima, mikono nyuma, kama mbele ya mwalimu wa zamu. "Ni mimi, baba. Vioo vyote, siku zote tatu. Nilitaka nimwone mama. Na mzani wako haukufa. Betri yake iko humo."