Nkwimba Akataa Kupimwa

Usiku wa kuamkia siku ya kununua pete, Nkwimba aliota anaingia dukani kwa sonara, Shinyanga mjini, miguu mitupu, na hakuna aliyeshangaa.

Mchana uliotangulia alikuwa amefika duka hilohilo na mchumba wake, Bujiku. Muuzaji aliwaonyesha almasi kubwa. Nkwimba alipouliza ubora wake, alijibiwa kwamba mwanamke anayependwa haulizi maswali. Bujiku alicheka kidogo, kwa haya. Nkwimba alikwenda kulala na jibu lile limemkwama kooni.

Sasa muuzaji hayupo. Nyuma ya meza imekaa mizani, imevaa tai.

"Karibu, dada," mizani inasema. "Panda."

"Nimekuja kununua."

"Wote husema hivyo. Panda tukupime uzito kwa karati."

Anapanda, kwa sababu foleni nyuma yake ni ndefu na wote waliojipanga ni shangazi zake Bujiku. Mizani inaguna.

"Uzito upo. Lakini uzito peke yake si ubora. Kuna mawe mazito yasiyong'aa hata kidogo."

"Mbona hukuniambia mchana?"

"Mchana sikuwa na mdomo."

Kabla hajashuka, duka limekuwa darasa. Herufi zimekaa kwenye madawati. D iko mbele kabisa, haina rangi hata ukuta unaonekana kupitia tumbo lake. Z iko nyuma, ya manjano kama mafuta ya kupikia.

"A, B na C wako wapi?" Nkwimba anauliza.

"Hatujawahi kuwa nao," D inajibu. "Madaraja ya rangi ya almasi yanaanzia kwangu. Wewe nenda nyuma, kwa Z. Una rangi."

"Ninayo, na imenikaa vizuri," Nkwimba anasema, kisha anaketi juu ya dawati la D.

Mlango unafunguliwa. Inaingia ile almasi kubwa ya mchana, inatembea kwa maringo, na mwanga unavuja chini yake kama maji ya bomba bovu. Nyuma yake Bujiku amepiga magoti, anapiga deki.

"Imekatwa vibaya," anasema bila kuinua kichwa. "Mwanga unaingia juu, unatokea chini, haurudi machoni kwa mtu. Nimechoka kukamua tambara."

"Na hii ndiyo uliyotaka kuninunulia?"

"Niliambiwa ni kubwa."

"Weka tambara chini, Bujiku."

Bujiku anaweka. Almasi haijapendezwa. Inachukua kioo cha kukuzia, ile lenzi ndogo ya masonara, na kuielekeza kwenye shavu la Nkwimba.

"Kovu," inatangaza. "Linaonekana hata kwa macho matupu. Usafi wa daraja la mwisho."

Shangazi wanaguna kwa pamoja.

Nkwimba anainuka na kuipokonya lenzi. "Hili nililipata kwa kuunguzwa na uji nikiwa mtoto, na sijawahi kulificha. Sasa simama tuone lako."

Anabana lenzi jichoni. Ndani ya jiwe kuna doa jeusi kama mbegu ya papai. Kando ya doa kuna ufa, na kwenye ufa amekaa muuzaji, ameuziba kwa kiganja.

"Samahani, dada, tumefunga," muuzaji anasema kutoka humo ndani.

"Fungua. Hapa mimi sipimwi. Mnunuzi ni mimi, na nitauliza mpaka niridhike."

Kisha shangazi mkubwa, yule ambaye hakuwahi kumpenda Nkwimba, anakohoa. "Hebu tuambie, baba. Rangi yake ni herufi gani?"

"Na imekatwaje?" anauliza wa pili.

Kila swali likiulizwa, almasi inapungua. Inakuwa kama harage, kama punje ya mtama, kama chembe ya sukari. Muuzaji anaomba wampe nafasi ya kupumua. Shangazi wa nyuma kabisa anainua mkono, naye ana swali.

Hapo Nkwimba akaamka. Kulikuwa kumekucha.

Bujiku alipokuja kumchukua, hakuwa mchangamfu. Alisema mgongo unamuuma na hajui alilala vipi. Nkwimba akamshika mkono. Vidole vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyeshinda akifua, na chini ya kucha kulikuwa na mng'ao mwembamba.

"Nimesugua kwa sabuni, hautoki," Bujiku alisema. "Tukifika pale, Nkwimba, anza wewe kuuliza. Mimi nitauliza ilivyokatwa."