Mzee Chemweno Hajafa Bado

Miaka mitatu mfululizo Laban alikuwa amegawa chai, na sababu ilikuwa moja tu: kwao hakufi mtu wa maana.

Ndivyo walivyozoea Wakenya wa Doha waliokutana Mesaimeer kila Ijumaa kwa ibada. Ijumaa ya mwisho ya mwaka waliazima ukumbi kule Al Wukair wakawakumbuka watu mashuhuri waliofariki mwaka ule. Kila chama cha watu wa nyumbani kilileta picha ya marehemu wake, ikawekwa mezani pamoja na mshumaa, na wanachama wakaketi viti vya mbele, vile vyenye mito. Chama kisicho na marehemu kiliingia jikoni kupika chai. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini ilishikwa kuliko zile amri kumi.

Chama cha Kapsirwa, kwao Laban, kilikuwa na watu saba. Sita walikuwa walinzi wa maghala huko Umm Salal, na wa saba alikuwa Cherotich, muuguzi, aliyepewa ukatibu kwa kuwa ndiye pekee asiyesinzia mkutanoni. Mwenyekiti alikuwa Laban. Wenzao walifiwa bila haya. Chama cha mwenyekiti mwenzake Augustine peke yake kilikuwa kimeleta jaji, kikaleta askofu, mwaka uliofuata kikaleta bondia, ungedhani kwao umaarufu na kifo vinagawiwa dirisha moja. Kapsirwa watu waliishi mpaka wakachokwa.

"Tatizo ni ile hewa yetu," Cherotich alisema. "Ni safi mno."

Mwaka 2011 lakini palikuwa na matumaini. Mwezi wa nane zilifika habari kutoka Kapsirwa kwamba Mzee Elkana Chemweno amelazwa, kifua kimembana. Huyu mzee alikuwa amesoma matangazo ya vifo redioni kwa miaka thelathini. Sauti yake ilikuwa nzito hivi kwamba siku za zamu yake betri za redio ziliisha mapema. Inasemekana mgonjwa mmoja wa Kisii, aliyekwishapata nafuu na kuomba ugali, alisikia Chemweno akisoma jina kama lake, akaona si adabu kubishana na sauti ile, akafa.

Laban hakusema amefurahi. Alisema tu kwamba yote ni mapenzi ya Mungu, kisha akamwomba Cherotich atafute picha ya mzee, kubwa, yenye tai.

Wakaanza kumpigia simu kila Ijumaa.

"Mzee, kifua kinaendeleaje?"

"Kibaya, kijana wangu."

"Pole sana, mzee," Laban alijibu, moyo ukimruka.

Kumbe hapo ndipo walipoharibu. Tangu astaafu, Mzee Chemweno hakuwa amepigiwa simu na mtu yeyote. Sasa alipigiwa kutoka Uarabuni, na wauguzi wakaanza kumwita mheshimiwa. Akapata hamu ya uji. Wiki mbili baadaye aliruhusiwa kwenda nyumbani. Kufikia mwezi wa kumi na moja alikuwa akigombana na jirani juu ya ua wa mpakani, na jirani ndiye aliyelazwa.

"Na huyo jirani si mtu mashuhuri?" Laban aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni fundi wa viatu," Cherotich alimkata kauli. "Mwenyekiti, na wewe usitutie dhambini zaidi."

Wiki moja kabla ya kumbukumbu, mzee alitangaza mwenyewe: "Daktari amesema nimepona kabisa."

"Tunashukuru," alisema Laban, kama mtu aliyepelekewa habari za msiba.

"Laban. Mimi nimefanya kazi na vifo miaka thelathini. Mtu hapigiwi simu kila Ijumaa kuulizwa kifua tu, hata hali ya ng'ombe asiulizwe. Hiyo shughuli yenu ni lini?"

Laban alitaka ardhi ya Umm Salal ipasuke, lakini ile ni ngumu, haipasuki ovyo. Akaeleza yote: picha, viti, chai, miaka mitatu. Mzee alicheka mpaka kikohozi kikamrudia, na Laban, namshukuru Mungu kwa niaba yake, safari hii alishtuka kweli.

"Siwezi kuwahi kufa," mzee alisema. "Lakini siku hiyo niwekeeni simu karibu na kipaza sauti. Nitawasomea."

Basi Ijumaa ikafika. Augustine aliingia na suti yenye vifungo vya dhahabu, nyuma yake watu wawili wamebeba picha ya waziri wa zamani, Mheshimiwa Makokha, picha kubwa kuliko mlango, ikabidi iingie kwa ubavu.

"Bwana Birika!" alimwita Laban. "Mwaka huu tangawizi isikolee sana. Marehemu wetu alikuwa na vidonda vya tumbo."

Wana Kapsirwa wakaenda jikoni. Cherotich akabaki mbele, akaishikilia simu kwenye kipaza sauti, na Mzee Chemweno akaanza: "Inasikitisha kutangaza kifo cha..."

Ukumbi mzima ulijinyoosha. Watu wazima waliolelewa na redio ile, madereva na wahasibu, wakavua kofia. Wairimu wa duka la simu alilia kabla ya kujua ni nani amekufa. Mzee alisoma marehemu wa kwanza, wa pili, wa tatu, na kila mmoja akawa mashuhuri kuliko alivyokuwa akiishi. Augustine alikaa ukingoni mwa kiti. Zamu ya waziri ilikuwa imefika.

Sauti ikakoma.

"Mzee?" Cherotich aliita.

"Nipo. Vijana wangu wamekaa wapi?"

"Wako jikoni, mzee."

"Basi nasubiri wakae."

"Mzee, utaratibu wetu," Augustine alisimama, "ni kwamba chama kisicho na marehemu..."

"Wewe ndiwe mwenye waziri?"

"Ndiyo, mzee."

"Una sauti nzuri. Msome wewe."

Augustine alijaribu. Alisema "Inasikitisha," na ikatoka kama mtu anayelalamikia matatizo ya umeme. Mtu wa nyuma akacheka. Mjane wa Makokha alikuwa Nairobi akingoja kutumiwa video. Augustine aliitazama simu, akaitazama picha, akavua koti taratibu, akaelekea jikoni na watu wake wote.

Laban na wenzake wakatoka jikoni, wakaketi mbele. Mto ulikuwa laini kweli, hawakudanganya. Waziri alisomwa vizuri sana, hata waliomfahamu wakamsikitikia. Kisha chai ikaja, mikononi mwa Augustine, imeungua, haina sukari, maziwa yamekatika.

"Ikoje?" Augustine aliuliza bila kumtazama.

"Tamu," alisema Laban, akanyoosha kikombe aongezewe.