Jina la Tatu

Mehjabin alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha walimu akimnyonyesha binti yake, wakati Tarun-da, yaani kaka Tarun, mwalimu mwenzake asiyeishiwa utani, alipopaza sauti kutoka kwenye kompyuta.

"Wee mama Tupur! Leo vitamutamu vya roshogolla vya idara nzima ni juu yako. Makala yenu ya maji ya chumvi, hata mwaka haijamaliza, imeshanukuliwa na watafiti zaidi ya mia! Yangu mimi nainukuu mwenyewe tu, tena kwa aibu."

Mehjabin alicheka mpaka mtoto akaliachia titi. Makala ile ilikuwa jasho lake. Alivizunguka vijiji vya kusini mwa mkoa wa Khulna na tumbo lake la mimba, akiwapima shinikizo la damu wajawazito wenzake waliokunywa maji ya visima vilivyoingia chumvi. "Binti, kaa wewe kwanza tukupime," walikuwa wakimwambia. Alhamisi hii baraza la chuo lingeamua nani apewe uprofesa mshiriki, na lilitaka makala yenye kishindo, jina la mwombaji likiwa la kwanza.

"Basi nichapie ule ukurasa wa mbele, Tarun-da, niutie kwenye maombi yangu."

Tarun-da akaufungua ukurasa, akaacha kucheka.

"Da?"

"Njoo uone mwenyewe."

Jina la kwanza lilikuwa la Ishtiaq Morshed. La pili, Rokshana Chowdhury. Lake lilikuwa la tatu. Ishtiaq alikuwa mume wa binti wa huyo Rokshana, mkuu wa idara, ambaye wote walimwita Apa, yaani dada. Ishtiaq mwenyewe alikuwa daktari wa Dhaka, hakuwahi kukanyaga hata kijiji kimoja kati ya vile.

"Haiwezekani," alisema Mehjabin. "Nakala aliyonipa Apa ina jina langu juu. Na jarida humwandikia kila mwandishi, akubali mpangilio wa majina kwanza."

"Na ulikubali?"

Hapo akakumbuka siku zile. Alikuwa kwa wazazi wake, alikokwenda kujifungulia kama kila mwenye mimba ya kwanza, na mtandao ulipatikana juu ya paa tu. Apa alimpigia simu: nipe neno lako la siri la tovuti ya jarida nishughulikie, wewe pumzika. Alimpa bila kuwaza. Idarani ilikuwa kawaida, anayetuma makala hushika maneno ya siri ya wenzake. Yeye mwenyewe alishika ya maprofesa.

Akambeba mtoto mpaka ofisi ya Apa. Huyu ndiye aliyemlisha Tupur wali wake wa kwanza kwenye sherehe yake, akalia machozi ya furaha kuliko bibi zake.

"Apa, nani alikubali kwa jina langu?"

Rokshana Apa akavua miwani. "Kaa, mdogo wangu. Umekunywa chai?"

"Nani, Apa?"

"Mimi. Ishtiaq alikuwa anaomba kazi Kanada, na binti yangu alikuwa ananililia kila siku. Nikasema, Mehjabin ni mtu wa nyumbani, hatanuna. Makala ijayo utakuwa wa kwanza."

"Uliniambia nilale, nisihangaike."

"Si ulilala?" Apa akatabasamu, akamtekenya mtoto kidevuni. "Nukuu hizo ni zetu sote. Kwani zinagawanywa kama samaki? Alhamisi niko barazani. Nitakusemea mpaka wakupe. Ila hili usilichokonoe."

Tupur akamcheka Apa na kumnyooshea mikono, kama alivyozoea. Mehjabin akamvuta kifuani. Lililomchoma lilikuwa lile neno, mtu wa nyumbani. Mgeni angeombwa ruhusa.

"Usinisemee, Apa."

Alirudi chumba cha walimu, akamwomba Tarun-da kiti chake.

"Unamwandikia nani?"

"Mhariri wa jarida. Warekebishe majina."

"Mama Tupur, wewe! Alhamisi utaiona hivihivi ikipita. Na huyu Apa hasahau."

"Najua." Akafuta macho kwa ncha ya sari. "Bado nina wale wanawake. Watoto wao sasa wanatambaa, nao wanakunywa maji yaleyale. Hakuna aliyewapima. Nikikosa nafasi hii, nitaanzia hapo."

Tarun-da akakuna kichwa, kisha akanyoosha mikono. "Haya, nipe huyo mzito. Utaandikaje kwa mkono mmoja?"

Akampa mtoto, akaanza kuandika: "Mheshimiwa Mhariri, kazi hii niliifanya mimi, na mpangilio huu wa majina sikuukubali."