Pikipiki Zilipokuja Kunijaribu

Usiku wa jana niliota nimewekwa dukani niuzwe, na kilichoniudhi si kule kuuzwa, bali mahali waliponiweka: safu ya nyuma kabisa, karibu na choo.

Kwanza nieleze jambo moja, mtu asije akasema nimezua. Tangu nistaafu kazi ya kukagua mizani, kila Jumamosi natoka nyumbani Tukuyu nakwenda Mbeya mjini kujaribu pikipiki. Nimesema kujaribu, sikusema kununua. Naingia dukani na koti langu, naizunguka pikipiki, nainama naangalia mnyororo, naminya tairi, kisha naomba niizungushe kidogo pale uani. Wananipa. Nazunguka, upepo unanipiga kifuani, nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Nikishuka napangusa kiti kwa leso, nasema: "Nzuri. Nimeipenda. Nitarudi Jumamosi, naenda kushauriana na mama watoto."

Nimeshafika maduka kumi na moja. Mama watoto hajawahi kuulizwa chochote.

Basi. Ndotoni niko dukani, nimevikwa nailoni kutoka utosini hadi magotini, kama kiti kipya ambacho mwenyewe hataki kichafuke. Pembeni yangu kasimama jirani yangu, Mwalimu Mwampashi, mstaafu wa shule ya msingi. Naye kavikwa nailoni. Kifuani kabandikwa karatasi: PUNGUZO.

"Umeletwa lini?" namuuliza.

"Juzi. Na wewe?"

"Mimi ndiyo kwanza nimelala."

"Karibu. Usiegemee ukuta, rangi mbichi."

Meneja wa duka alikuwa helmeti. Helmeti nyeusi, imekaa kitini nyuma ya meza, haina mtu ndani. Akitaka kusema anainua kioo, akimaliza anakishusha. Wafanyakazi walimwita Meneja Helmeti, nami nikamwita hivyo hivyo, sikuona sababu ya kubishana na mtu ofisini kwake.

Ukutani palikuwa na tangazo: JARIBIO NI MZUNGUKO MMOJA. MARUFUKU KUTOKA NJE YA GETI. ASIYECHUKULIWA HADI SAA KUMI ATAPELEKWA SPEA.

"Spea maana yake nini?" namuuliza Mwalimu.

Mwalimu ananionyesha rafu kwa kidevu. Kwenye rafu kuna visigino viwili, miwani, na mkono unaoendelea kupiga chapa bila taipureta.

"Yule alikuwa karani wa mahakama," anasema Mwalimu. "Hakupata mteja."

Nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa na dakika kumi. Hapo ndipo nilipoanza kusimama wima.

Wateja wanaingia. Ni pikipiki. Zinaingia moja moja, zinapangusa matairi kwenye mkeka wa mlangoni, zinasalimia. Guta moja la kubebea mizigo linakwenda moja kwa moja kwa Mwalimu, linamuuliza swali moja tu.

"Kabichi unabeba?"

Mwalimu amefundisha miaka thelathini na sita. Anasema, "Nabeba."

Wakaandikiana. Mwalimu anavuliwa nailoni, anatolewa nje, na akifika mlangoni anageuka. "Bwana Vipimo, jitahidi kukohoa kidogo. Wanapenda sauti."

Nikakohoa.

Pikipiki moja nyekundu ikasimama mbele yangu. Mpya kabisa, inang'aa, na imekuja na fundi wake, kama mtu mwenye akili anavyofanya akienda kununua kitu kikubwa. Fundi wake ni pampu ya kujazia upepo, ya mguu, imevaa koti la buluu.

"Huyu ametumika?" pikipiki ikauliza.

Meneja Helmeti akainua kioo. "Ametumika, ila na mwajiri mmoja tu. Miaka thelathini na minne, serikalini."

"Serikalini," pampu ikasema. "Basi huyo hajatumika."

"Lita moja anakwenda hadi wapi?" pikipiki ikauliza tena.

"Lita moja ya chai ya maziwa, Kiwira na kurudi. Ya chai ya rangi anafika kwenye kona ya kwanza, anaanza kulalamika."

"Alishafunguliwa na mafundi?"

"Mara moja. Ngiri."

Nikataka kusema ile ngiri ilikuwa ndogo, lakini pampu imeshaniwekea mpira wake kifuani na inasikiliza, imefumba macho. Sijui macho ya pampu yako wapi, ila yalikuwa yamefumbwa.

"Kuna kitu kinagonga humu," ikasema.

"Ni moyo," nikasema.

"Sikuuliza ni nini. Nimesema kinagonga."

Pikipiki nyekundu haikujali. Ikainama ikatazama nyayo zangu. Ikaminya tumbo langu kwa tairi la mbele, ikasema upepo unatosha. Halafu ikaomba initoe mzunguko mmoja.

Meneja Helmeti akanibonyeza kitovu. Nikawaka.

Sitaki kusimulia sana jinsi pikipiki inavyompanda mtu. Inakaa mgongoni, inashika masikio, basi. Sikio la kulia ni mafuta, la kushoto ni klachi. Tulianza taratibu uani, tukapita kwenye mapipa, na pale pa kukata kona pikipiki ikavuta sikio zaidi kidogo, kwa utamu tu, nikaisikia inacheka. Kicheko hicho nilikijua. Ni changu mimi.

Tukapitiliza.

Ghafla hatuko uani tena, tuko katikati ya mashamba ya chai ya Tukuyu, mvua ya rasharasha, barabara inapanda. Nikaogopa. Tangazo limesema marufuku kutoka nje ya geti. Nikageuza shingo, nikaliona geti lenyewe linakuja nyuma yetu, linakimbia kwa mabawa yote mawili, kufuli linaruka ruka kifuani. Likatupita, likasimama mbele yetu, tukawa bado tuko ndani. Tukasonga, nalo likasonga.

"Msikimbie hivyo," geti likasema, linahema. "Mimi nimezoea kufunguliwa na kufungwa. Safari sijazoea."

"Pole," nikasema.

"Ndaga," likajibu, yaani asante kwa Kinyakyusa. Kumbe lilikuwa la kwetu.

Tunakata kona ya chini ya kanisa, na baada ya kona hakuna barabara, kuna jiko langu. Mke wangu Atuganile amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Tukapita katikati ya jiko, mimi, pikipiki mgongoni, na geti mbele likipinda ubavu lisiangushe sufuria.

"Karibuni," anasema, hajainua uso.

"Hatukai, mama," pikipiki ikasema. "Tunajaribu tu."

"Jaribuni kwa mlango wa nyuma. Hapo mbele nimedeki."

Ndipo akainua uso. Akaniona. Akatazama nailoni, akatazama masikio yangu yalivyovutwa.

"Baba Ipyana."

"Naam."

"Ndiyo shughuli yako ya kila Jumamosi?"

Miaka yote nilimwambia naenda kwenye kikao cha wastaafu.

"Leo ni kikao cha vitendo," nikasema.

Mke wangu akaligeukia geti, maana aliona ndilo lenye umri wa kusema kweli. "Wewe, mmemtoa wapi huyu?"

"Dukani, mama, Mbeya mjini. Asipochukuliwa, saa kumi anapelekwa spea."

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Tisa na nusu."

Akatazama ndizi zilizobaki. Zilikuwa nne. "Ngoja nimalize," akasema.

Tukatokea mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma wa jiko langu ni mlango wa mbele wa duka. Pikipiki ikashuka mgongoni. Ikachukua leso, ikanipangusa mabega.

"Mzuri," ikamwambia Meneja Helmeti. "Nimempenda. Nitarudi Jumamosi, naenda kushauriana na wa nyumbani."

Nilisikia baridi hadi kwenye kucha. Mimi nilikuwa nikilisema neno hilo huku natabasamu, na wale vijana wa dukani walikuwa wanatabasamu pia, wanasema karibu tena mzee. Sikujua kwamba ukiwa upande wa pili linaingia hivyo.

"Usiende," nikaiambia pikipiki. "Chai ya rangi sitalalamika tena."

"Tatizo si wewe," ikasema, ikaondoka, pampu nyuma yake.

"Wote ni hivyo hivyo," akasema Meneja Helmeti, anaandika. "Kuna mzee mmoja wa huko Tukuyu..." Akainua kioo hadi juu, akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akakishusha, polepole, na kikalia tak.

Saa kumi kasoro kumi. Skuta ya kijani ikaja kuulizia goti langu la kushoto.

"Chukua la kulia," akasema Meneja. "La kushoto linatabiri mvua."

"Ndiyo nalitaka. Sina kipimo cha hali ya hewa."

"Saa kumi ikigonga tu, tunakufungulia."

Skuta ikavuta kiti ikakaa kungoja, inalitazama goti langu kama mtu anayetazama nyama ikichomwa. Nikakohoa kwa nguvu zote, labda atatokea mteja wa mtu mzima mzima. Hakutokea. Mkono wa karani kule kwenye rafu ukaanza kupiga chapa jina langu. Niliona herufi za kwanza kwa macho yangu: MWAKI.

Kasoro mbili, Atuganile akaingia. Ana mwavuli, ana kitenge cha kazi kimefungwa kiunoni, vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi. Akapangusa miguu mlangoni.

"Nimekuja kumchukua huyu."

"Karibu, mama," akasema Meneja Helmeti. "Umemjaribu?"

"Nimjaribu?"

"Hatutoi mzee bila jaribio. Ndiyo utaratibu. Mzunguko mmoja, halafu unaamua."

Mke wangu akasoma tangazo ukutani, neno kwa neno, kidole hewani. Nikamwona amefikia mwisho akarudi mwanzo.

"Mzunguko mmoja," akasema.

"Mmoja tu."

"Basi sikilizeni. Mimi nilimtoa huyu mwaka themanini na mbili. Baba yangu alinionyesha tu, akasema huyu ni Mwakibete, anakagua mizani, ana baiskeli. Nikasema ngoja nizunguke naye nione. Mpaka leo nazunguka. Sijarudi, na sijaamua."

Mkono wa karani ukasimama.

Meneja Helmeti akafungua daftari kubwa, akapuliza vumbi, akafunua kurasa hadi zikawa za njano. Akasoma kwa sauti: "Themanini na mbili. Atuganile. Ametoka na mzee, wakati huo kijana. Hajamrudisha." Kioo kikamshuka chenyewe, akakiinua tena. "Mama, tumekutafuta sana."

"Nilikuwa jikoni."

"Kwa hiyo huyu si mali ya duka."

"Si ya duka. Na bado hajawa yangu. Yuko kwenye majaribio."

"Na hilo goti?" ikauliza skuta.

"Kaa chini," akasema mke wangu. Skuta ilikuwa imeshakaa, lakini ikakaa zaidi.

Saa ikagonga kumi. Hakuna aliyenigusa. Meneja Helmeti akanitoa nailoni mwenyewe, akaikunja, akanisukuma hadi nje uani kwa heshima zote. Akanibonyeza kitovu.

Kimya.

Akabonyeza tena. Nilikuwa nimeingiwa na baridi, nafikiri, au ni ile hofu. Nikatoa mlio kidogo tu kama paka aliyekanyagwa, nikazima.

"Sogea," akasema Atuganile. "Hawa wa zamani hawawaki kwa kitufe."

Akampa Meneja mwavuli amshikie. Akakaza kitenge. Akainua mguu wa kulia, akanipiga kiki ya muundi. Sikuwaka. Akapiga ya pili, nikatoa moshi wa harufu ya tangawizi. Ya tatu alirudi nyuma hatua mbili, akaita jina la baba yangu, akaishusha.

Niliwaka hadi madirisha ya duka yakatetemeka.

Akapanda, akashika masikio, na geti likajifungua lenyewe, likabaki pale pale limesimama, likatupungia bawa moja. Tukatoka nje. Nje kabisa. Upepo ukanipiga kifuani, barabara ya Tukuyu ikapanda mbele yetu, ya kijani huku na huku, nikataka kucheka lakini nikasikia mtu ameshanitangulia kucheka, huko juu mgongoni.

"Baba Ipyana, kona hiyo. Punguza. Nimesema pungu..."

Nikaamka.

Asubuhi. Mvua juu ya bati, kitanda upande wake kitupu, na chai inanukia. Nikapapasa masikio, yapo. Nikafunua shuka nikatazama muundi: mzima, hauna hata mchubuko. Nikajicheka. Ndoto tu, mzee, ulikula maharage usiku.

Nikaenda jikoni. Atuganile alikuwa ananimiminia chai, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Leo Jumamosi," akasema. "Huendi kwenye kikao chenu?"

"Leo hapana. Leo nipo."

Akaja na kikombe, anachechemea.

"Mguu umefanya nini, Mama Ipyana?"

"Sijui. Shavu la mguu wa kulia limekaza tangu nilipoamka. Kama mtu aliyepiga teke jiwe."

"Mara ngapi?"

"Tatu," akajibu papo hapo. Kisha akasimama katikati ya jiko, kikombe mkononi, ananitazama kama mtu aliyejibu swali la mtihani ambao hakuusomea.

Nikachukua chai yangu. Ilikuwa ya rangi. Nikainywa yote, na sikulalamika.