Mikanda ya Norbert

Norbert Haverkamp, jirani yangu wa upande wa kushoto, ni mkono wa birika siku zote za mwaka isipokuwa moja. Usiku wa Halowini, watoto wakipita na vinyago vyao kubisha milango, sisi wengine tunawapa vipande vya peremende vya ukubwa wa kidole gumba. Norbert miaka yote alitoa chokoleti nzima, kama inavyouzwa dukani. Msidhani ni wema. Alisimama barazani kifua mbele, akingoja wazazi walioko njiani waseme "Duh!", na wakisema alijifanya hakusikia ili waseme tena.

Mwaka huu chokoleti ikapanda bei. Katoni iliyokuwa dola ishirini na nane ikafika arobaini na tatu, na Norbert akaita mkutano kwenye gereji yake. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na donati.

"Tatizo si bei," alisema. "Tatizo ni hawa wanaotoka maghorofani, ng'ambo ya barabara kuu. Wanakuja na magari, wanashusha watoto hapa kama wanashusha mizigo. Sisi ndio tunalipa!"

Watu wazima, kila mmoja na magari mawili nyumbani, wakatikisa vichwa kama waliofiwa. Ikapitishwa kwamba watoto wa mtaa wetu watavaa mkanda wa rangi ya machungwa mkononi, na asiye na mkanda hapewi kitu.

"Na wewe Verna, uko nasi?"

"Mimi natoa zile peremende za kunata zisizopendwa na mtu. Nani ataniibia?"

"Usilete mzaha, mama."

"Mzaha ni huo mkanda wako, Norbert."

Sasa, Norbert ana binti mmoja, Denise. Miaka miwili iliyopita ndoa yake ilivunjika, akaomba arudi nyumbani kwa muda na mtoto wake, Piper. Baba mtu akamjibu kwamba nyumba yake si hoteli. Denise akapanga kwingine na hakukanyaga tena hapa. Tangu mkewe afariki, Norbert hula maharage ya kopo akiwa amesimama jikoni, namwona dirishani, na hata hilo halikumfundisha kitu. Lakini Jumapili ile kabla ya Halowini alinikimbilia uani, uso unang'aa.

"Denise kapiga simu! Kasema labda watapita, yeye na Piper."

"Labda?"

"Labda ya Denise ni ndiyo. Namjua mwanangu."

Akanionyesha chokoleti aliyomnunulia mjukuu wake, kubwa kama kibao cha kukatia mboga. Siku yenyewe ilipofika aliacha mlango wa jikoni wazi, maana kwetu ndugu huingilia jikoni, mlango wa mbele ni wa wageni. Mara tatu nilimwona akienda kuuchungulia.

Saa kumi na mbili jioni king'ora cha zimamoto kikalia, ndiyo ruhusa ya watoto kuanza. Kikilia tena saa mbili, basi, taa za barazani zinazimwa na hakuna anayebisha. Mimi nilikaa nje kwenye kiti cha kukunja, blanketi magotini. Norbert alikuwa na tochi. Tochi, jamani! Alimulika mikono ya watoto kama askari wa mpakani. Mtoto mmoja aliyevaa kama haramia, panga la plastiki kiunoni, hakuwa na mkanda.

"Kabishe kwenu," Norbert akamwambia.

Haramia akaja kwangu analia, nikampa gao zima la zile za kunata. Nilitamani kumrushia Norbert bakuli.

Muda ulipokaribia kwisha ikaja mashine ya kufulia. Lilikuwa boksi jeupe lenye tundu la duara kifuani na soksi zikining'inia ndani, na kichwani boksi la sabuni ya unga lenye matundu mawili ya macho. Mtu alikuwa amekesha kuitengeneza. Norbert akaumulika mkono tu.

"Mkanda uko wapi?"

"Sina."

"Unakaa wapi wewe?"

"Kule maghorofani."

"Basi kaombe huko huko."

"Mama amesema hapa wanatoa kubwa."

"Mama yako anajua bei yake? Mwambie akanunue."

Mashine haikusogea. Ilimtazama tu kwa yale matundu yake, inangoja. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka gizani, kule njiani wanakosimama wazazi.

"Piper. Njoo, mwanangu. Tumekosea nyumba."

Tochi ikamponyoka Norbert.

"Denise? Denise, subiri! Sikumjua! Ana boksi kichwani!"

Mlango wa gari ukafungwa, gari likaondoka. Norbert akanigeukia.

"Ningemjuaje, Verna?"

"Ungempa chokoleti."

King'ora kikalia. Taa za mtaa mzima zikazimika moja baada ya nyingine. Norbert akaichukua ile chokoleti kubwa, akaokota tochi, akashika njia kuelekea barabara kuu na ndara zake miguuni. Nikamfuata. Sikusukumwa na huruma, nilitaka kuona.

"Unajua anakaa namba ngapi?" nikamuuliza tulipofika.

Akaimulika milango mmoja mmoja kwa tochi. Miaka miwili binti yake anakaa mahali unapofika kwa miguu, na hajui mlango wake. Nilimdharau usiku ule kuliko nilivyowahi kumdharau, na kazi hiyo nimeifanya muda mrefu.

Akabisha mlango wa kwanza. Ukafunguka kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa, na mwanamke akachungulia.

"Unamtafuta nani?"

"Denise Haverkamp. Ni binti yangu. Nimemletea mjukuu wangu zawadi."

Mwanamke akaiangalia chokoleti, akaiangalia tochi. Chini ya kiwiko chake kikatokea kichwa cha haramia, anatafuna peremende zangu.

"Mama, ndiye yule," haramia akasema. "Yule wa mikanda."

"Aa," akasema mama mtu. "Kabishe kwenu, mzee."

Mlango ukafungwa. Norbert akaunyanyua uso kutazama ghorofa zote tatu, milango yake yote inafanana. Kisha akasogea mlango wa pili, akabisha.